Ukuta wa mamdogo na rangi ambazo hakuulizwa

Asubuhi ya Jumanne tarehe 19 Machi 2019 mamdogo wangu alitoka nje baada ya sala ya alfajiri kufagia barza yake kama siku zote, na kabla hajaona kitu akasikia harufu ya tina. Bado kiza. Akapapasa ukuta akaona unanata, akarudi ndani kwenye taa ya ukumbini ndo akaona kiganja chote zambarau, na kumbe wakati anaingia alishajishika kwenye mwimo wa mlango, kwaiyo vidole vinne na kiganja vikabaki pale kwenye mbao. Akanipigia simu. Sikumfahamu vizuri isipokuwa maneno aliyokuwa akiyarudia, "hawajanambia mwanangu, hawajanambia".

Nataka nikieleze kisa hichi mwanzo mpaka mwisho maana pale mtaani kila mmoja ana kipande chake, na wengi wanakieleza kama ugomvi wa vyama viwili basi. Mimi nilikaa kwenye vikao vyote na naona vyama ni nusu ya habari tu. Nusu nyengine ni kwamba ukuta una mwenyewe na hakuna aliyemuuliza, na kwamba mji wetu una watu waliokufa ambao hawana hata jiwe moja la kuandikwa, kwaiyo wanakuja kuandikwa kwenye nyumba za watu.

Mtaa sitautaja. Ni Ng'ambo, mjini Zanzibar, ukitoka kwenye treni za Michenzani (yale majumba marefu ya Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki) unafika kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Wasiokuwa wenyeji wajue tu kwamba mji huu umegawika zamani sana. Huku Mji Mkongwe, kule Ng'ambo, na katikati palikuwa na maji ya bahari yakiingia na kutoka, yakafukiwa ikawa Creek Road, ambayo siku hizi jina lake rasmi ni Benjamin Mkapa. Wakoloni waligawa kwa rangi na kwa mfuko. Miaka ya hamsini ikaja siasa, vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi, mpaka watu wakawa hawanunui duka moja wala hawazikani, alafu yakaja Mapinduzi ya 12 Januari 1964, chama kikawa kimoja, na vyama vingi viliporudi 1992 ule mgawanyiko ukaibuka tena lakini safari hii mpaka haukuwa barabarani. Uliingia ndani ya mtaa. Barza hii CUF ya upinzani, maskani ile CCM inayotawala, na katikati yao hatua thelathini.

Hata majina yamegawika. CCM wanakaa maskani, wapinzani wanakaa barza, ingawa kahawa ni ile ile na dhumna ni ile ile. Kila mtu anaijua Kisonge pale Michenzani na ubao wake wa chaki, ulioandika maneno makali kwa Maalim Seif, kiongozi wa CUF, na chama chake na kuna nyakati ukawageukia hata viongozi wa CCM wenyewe. Na kila mtu anaijua Jaws Corner ndani ya Mji Mkongwe, wapinzani walipokuwa wakikusanyika kusubiri matokeo. Mgeni anaweza kuona ni mchezo wa vijana wasio na kazi. Lakini tukumbuke redio na televisheni hapa zilikuwa za serikali, na gazeti la Dira lililokuwa likisema sema lilifungiwa Novemba 2003. Ubao na ukuta ndo vilikuwa gazeti. Ulikuwa ukipita asubuhi kwenda kazini unasoma kuta mbili tatu ushajua nchi imeamkaje.

Sasa nyumba yenyewe. Ni nyumba ya mawe na udongo, plasta ya chokaa, aliijenga marehemu mume wa mamdogo kwa taabu sana, na mbele ina barza ya saruji yenye ukuta kama mita nne ambao jua la asubuhi haliufikii, kwaiyo wazee wanapenda kukaa hapo. Muuza kahawa naye kaweka seredani yake ubavuni. Marehemu alikuwa mtu wa CUF toka siku ya kwanza, na kuelekea uchaguzi wa 1995 yeye mwenyewe ndo aliyewapa vijana ruhusa wapake bendera, buluu nyeupe nyekundu, na chini yake "Haki sawa kwa wote". Alinunua na rangi. Hichi ni kitu muhimu nitakirudia, ruhusa ya mwanzo ilikuwepo, na ilikuwa ya mtu mmoja, kwa kitu kimoja. Alifariki 1999. Vijana wakaichukua ile ruhusa kama wamerithi wao, ilhali nyumba alirithi mjane na watoto.

Ikaja Januari 2001. Sina haja ya kueleza yote, wenye umri wangu wanakumbuka, maandamano ya CUF ya tarehe 27 na risasi zilizopigwa, Wete, Micheweni, Chake na hapa mjini pia, na watu kama elfu mbili waliokimbilia Shimoni Kenya kwa mashua. Wiki chache baadae pale ukutani yakatokea maandishi meusi juu ya ile nyeupe ya bendera, "27 JANUARI". Hayo tu. Nilikuwa kijana wakati ule na nilimuuliza aliyeandika kwa nini hakuandika idadi ya waliokufa, akanambia wamekaa usiku kucha wanabishana idadi ipi, kila mmoja ana yake kutokana na jamaa zake wa Pemba, mwisho wakaona waache tarehe ijisemee. Baadae tume ya serikali chini ya Hashim Mbita ikasema 31, Human Rights Watch wakasema wasiopungua 35, na CUF wana hesabu yao. Nafikiria sana lile jambo. Watu wazima wameshika brashi, wana ukuta, wana rangi, na hawawezi kuandika waliokufa wangapi maana hakuna mahali walipoandikwa rasmi kwa majina yao watu wakaenda kusoma wakakubaliana.

Usiku mmoja ile tarehe ikamwagiwa oili chafu. Oili ya gari ikiingia kwenye plasta ya chokaa haitoki, unaweza kupaka juu yake mara tano itarudi kama doa la jasho kwenye kanzu. Vijana wetu wakasema ni maskani, maskani wakakataa, usiku wa pili ubao wa maskani ukavunjwa, usiku wa tatu watu wakapigana kwa mapanga bapa na mmoja akapasuka kichwa. Mamdogo alikuwa ndani na wanawe wadogo wakati hayo yakitokea mlangoni kwake. Hakuna aliyekuja kumuomba radhi, upande wowote. Nasema upande wowote nikijua baadhi ya watu wa upande wangu hawatapenda.

Hali ile ilidumu miaka. Wanapaka, wanamwagiwa, wanapaka tena. 2005 uchaguzi mwengine, rangi mpya juu ya zamani. Fundi mmoja aliwahi kunieleza kitu ambacho sikukitilia maanani mpaka baadae. Alisema "kaka ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unapanda kutoka chini unatokea hapa, ukiupiga rangi ya mafuta umeuziba pua". Akabonyeza kwa kidole gumba pale kwenye buluu na pakaingia ndani, palikuwa pamevimba malengelenge, ndani yake chumvi nyeupe kama unga, na plasta inadondoka vipande. Yaani bendera ilikuwa inaula ukuta. Mjane analea watoto wake na nyumba inamkatikia mbele ya macho yake kwa ajili ya haki sawa kwa wote.

Halafu ikatokea mara moja tu jambo hili likafanywa vizuri, na hapa nataka nikae kidogo maana tunapenda kueleza ugomvi tunasahau kueleza amani ilivyotengenezwa. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu. Watu walishtuka, wengine walikasirika, pande zote mbili. Kura ya maoni ikapigwa 31 Julai 2010, waliosema ndio wakawa 66.4%, na serikali ya umoja wa kitaifa ikaundwa baada ya uchaguzi wa mwaka ule. Sasa kabla hata ya kura ya maoni, muuza kahawa wetu (mzee wa watu, anauza pande zote mbili, asubuhi barza jioni maskani, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye chama gani) alikwenda kwa mamdogo akapiga hodi, akakaa, akaulizwa hali akajibu, ndo akasema "Bi mkubwa, vijana wa kule na wa huku wanataka kuja kukuomba wasafishe huu ukuta wako, wamenituma mimi nije kwanza". Mamdogo akamwambia waje. Wakaja sita, watatu huku watatu kule. Wakavua viatu. Wakasema wanataka kupaka nyeupe tupu, mbele yake na kwenye maskani pia, na kila upande upake wa mwenzake.

Ilikuwa siku ya Jumapili. Vijana wa CCM ndo waliopaka chokaa kwenye "27 JANUARI" na vijana wa CUF ndo waliopaka kwenye kijani na njano ya maskani. Mamdogo akapika urojo wa kutosha mtaa mzima. Kabla ya kupakwa ile tarehe kijana mmoja wa maskani, mwenye rola mkononi, alisimama akauliza "hii nayo tuifute?" na pakawa kimya, maana kila mtu alijua anauliza nini. Mzee mmoja wa barza akasema futa mwanangu, sisi tunaikumbuka. Nililia siku ile na sioni haya kusema.

Ukuta ukakaa mweupe miaka mitano. Kasoro ile oili, ilirudi baada ya masika ya kwanza, doa la rangi ya chai, lakini hakuna aliyeligusa.

2015 kila mtu anajua. Kura 25 Oktoba, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi Jecha Salim Jecha akatangaza kuufuta uchaguzi tarehe 28, uchaguzi wa marudio 20 Machi 2016 CUF wakasusia. Usiku wakawa wanazunguka watu wenye vinyago, mtaani tukiwaita mazombi, wanapiga watu kwenye mabarza. Barza yetu ilihama, watu wakawa wanakunywa kahawa uani. Ule weupe ukafa katika wiki moja, buluu ikarudi, safari hii kwa hasira, brashi mbovu, matone mpaka chini kwenye saruji. Hakuna aliyepiga hodi na mamdogo naye hakuuliza, alikuwa anaogopa.

Ndo tunafika ile Jumatatu ya 18 Machi 2019. Mahakama Kuu imetoa hukumu iliyompa ushindi Profesa Lipumba, aliyekuwa akivutana na Maalim Seif juu ya uongozi wa CUF, na mchana ule ule Maalim Seif akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo, chama chenye rangi ya zambarau. "Shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee." Haukupita muda ofisi na matawi Unguja na Pemba yakawa zambarau, bendera zimeshushwa zimepandishwa nyengine. Mimi binafsi niliona ni jambo kubwa kisiasa, sijawahi kuona watu wengi namna ile wakigeuka kwa pamoja bila ya mkutano, na rangi ndo iliyofanya kazi ya mkutano. Mtu alikuwa akiiona zambarau mtaani kwao anajua wenzake wameshakwenda na yeye aende. Kwa maana hiyo vijana wetu walikuwa na sababu ya kukimbilia brashi usiku ule ule. Ukuta mmoja wa buluu ukibaki peke yake asubuhi ungesomeka kama barza nzima imebaki kwa Lipumba.

Lakini walikosea, na nitasema wapi.

Kosa la kwanza walipaka usiku. Usiku ndo uliokuwa wakati wa oili chafu na wa mazombi. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini akisikia vishindo vya usiku mlangoni kwake na asubuhi anakuta balaa, wewe unayejiita mwenzake unakuja wakati ule ule na kimya kile kile, anakutofautisha na nini? Alinambia alisikia minong'ono saa nane akakaa kitandani akisoma Ayatul Kursi mpaka adhana. Wale walikuwa watoto aliowapa maji ya kunywa toka wanasoma chuo cha Kurani.

Kosa la pili ni ile dhana kwamba ruhusa ya 1995 bado inaishi. Marehemu aliruhusu CUF. Hakuruhusu ACT, hakijakuwepo. Hata ingekuwa ni waraka umeandikwa ungekuwa umekwisha. Nilipowaambia hivyo kwenye kikao kijana mmoja akanijibu "lakini sote ni wale wale, kilichobadilika rangi tu", na kwake lilikuwa jibu la kweli kabisa, na mimi naona hapo ndo pana shida yetu. Kwa mwenye nyumba rangi ndo kila kitu. Yeye ndo anayekaa nayo.

La tatu ni la kifundi, walipaka mafuta juu ya mafuta juu ya malengelenge, mkono mmoja tu, buluu inaonekana chini yake, na kufika Ramadhani ukuta ulikuwa unachunika. Ukisimama karibu ulikuwa unaziona zote kwenye kibanzi kimoja kama kitunguu, zambarau, buluu, chokaa ya 2010, buluu ya 2005, ile hudhurungi ya oili, nyekundu ya mwanzo kabisa aliyoinunua marehemu. Nilichukua kibanzi kimoja nikakiweka kwenye kopo la dawa, ninacho mpaka leo.

Kikao kilikaa wiki ile. Sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, alikuja, akasema atawaita polisi, mamdogo akakataa polisi. Alitaka mambo mawili, waje mchana wamsalimie, na wautengeneze ukuta. La kwanza walifanya. La pili walisema baada ya uchaguzi, uchaguzi ukaja Oktoba 2020 na yaliyokuja nayo, Disemba Maalim akaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais kwenye serikali ya umoja mpya, na 17 Februari 2021 akafariki.

Hapa kisa kikabadilika. Vijana walikuwa na majonzi ya kweli, wengine hawajawahi kuwa na kiongozi mwengine maishani. Safari hii walijifunza, walipiga hodi mchana. Wakaleta mchoraji na wakamuonesha mamdogo kwenye simu wanachotaka, uso wa Maalim, ukuta mzima, miwani na kofia yake. Kwa kweli ilikuwa picha nzuri.

Mamdogo alikataa, na sababu alizotoa ndo zilizonifanya nikione kisa hichi kwa jicho jengine. Kwanza alisema sura ya mtu haiwekwi pale watu wanaposalimiana na kuomba dua, hilo la dini na wengi walilikubali palepale. Alafu akasema, "nyinyi mnampenda, mkimuweka hapa mmemuweka njiani, watu watamtemea mate usiku na mimi ndo nitakayemfuta uso asubuhi. Siwezi kumfuta uso maiti kila siku." Kimya. Mchoraji mwenyewe akazima simu.

Wakapendekeza basi tarehe tu na Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nikajua wanachofikiria, hakuna wa maskani atakayethubutu kumwagia oili maneno ya Mungu. Mamdogo akalijua pia. Akasema maneno ya Mungu hayafanywi ngao, na plasta ikidondoka ile aya itakwenda wapi, mtaroni? Akakataa na hilo.

Nimesoma kidogo habari za Belfast kule Ireland ya Kaskazini, mji mwengine uliogawika, na nikawa nalinganisha. Wao wamechora sura kila mahali. Bobby Sands aliyekufa kwa mgomo wa kula 1981 anatabasamu kwenye ukuta wa ofisi ya chama cha Sinn Féin barabara ya Falls, na upande wa pili, Shankill, wana mfalme wao William juu ya farasi na walikuwa na watu waliofunika nyuso wameshika bunduki, mpaka kingo za njia wanazipaka rangi ya bendera. Nyumba zao zimepangwa mstari na ile ya mwisho ina ubavu mtupu wa matofali unaoangalia barabara, kama umejengwa kwa ajili ya kuchorwa. Kwetu ukuta unaoonekana ni ule wa barza, mahali pa watu kukaa, kwaiyo ukipaka unampaka na anayekaa. Na sisi si watu wa kuchora sura, ni watu wa maneno, angalia kanga. Hata kugombana tunagombana kwa jina na tarehe. Sanamu za watu watano waliofungwa minyororo ndani ya shimo pale Mkunazini, ukumbusho wa utumwa, alizitengeneza mgeni, msanii wa Sweden, Clara Sörnäs.

Kitu kimoja cha Belfast nilikipenda. Mwaka 2006 Baraza la Sanaa lao lilianzisha mpango wa kuondoa zile picha za bunduki, na wakazi wa mtaa wenyewe ndo wanaokaa na msanii kuamua pawekwe nini. Ni kama alichofanya muuza kahawa wetu 2010, bila ya bajeti.

Lakini Belfast haijibu swali la waliokufa, na mimi ndo linaloniuma. Ukitoka nyumbani kwa mamdogo unafika Kisiwandui, pale Mzee Karume alipouliwa 7 Aprili 1972, kaburi lake lipo, kila mwaka inasomwa dua, na ni haki. Ukigeuka unauona mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi umesimama Michenzani. Upande mmoja wa historia una marmar na taa za usiku. Waliouliwa Januari 1964 kwa kuwa walikuwa upande mwengine, au kwa nasaba zao tu, hawana kitu. Wa Januari 2001 hawana kitu, isipokuwa makaburi ya kifamilia kule Pemba ambayo mgeni hawezi kuyajua. Hata Maalim kaburi lake liko kwao Nyali, Mtambwe, ni kaburi la Kiislamu la kawaida, na mtoto wa Ng'ambo asiyekuwa na nauli ya meli atalizuru lini? Mtu akikosa pa kuweka msiba anauweka ukutani, na ukuta ni wa mjane. Niliwaambia vijana wa maskani hivi hivi, kwamba siku ikijengwa sehemu moja yenye majina ya wote, hata wa kwao waliokufa kwenye vurugu za uchaguzi, kuta zetu zitapumzika. Mmoja akanijibu "wakiandikwa wote na sisi tutakuja". Sikutegemea jibu hilo kutoka kwake.

Ukuta ulitengenezwa mwisho wa 2021. Vijana wa barza walichanga, na maskani walileta mifuko miwili ya chokaa bila ya kuombwa. Fundi alikwangua mpaka mawe, siku nne, alafu akapiga chokaa aliyoiloweka muda mrefu kwenye pipa, na mchanga, bila ya saruji, akasema msiiguse mpaka masika yapite. Ile oili ilikuwa imeingia mpaka kwenye udongo, ilibidi atoe mawe mawili aweke mengine. Pembeni ya mlango walitundika ubao mdogo mweusi, wa chaki, anaoushikia ufunguo mamdogo. Anayetaka kuandika anaomba. Wameandika misiba, timu, bei ya unga, na kila 27 Januari wanaandika tarehe, na magharibi wanaifuta wenyewe walioandika. Alama ya mkono kwenye mwimo mamdogo hakutaka isuguliwe, fundi alikuja na msasa akamwambia hapo wacha.

Uchaguzi wa 2025 ulipokaribia alikuja kijana mmoja mchana, simjui, akapiga hodi akasema anaomba kubandika karatasi za kampeni. Mamdogo akamuuliza gundi gani, akasema ya unga wa ngano. Akamwambia bandika mbili tu, ubaoni, si ukutani, na uchaguzi ukipita uje uzitoe mwenyewe. Sikutegemea arudi. Katikati ya Novemba nilimkuta pale barzani na ndoo ya maji na kisu butu anabandua pole pole, kona ya juu hakuifikia, mamdogo akamtolea kigoda.